Paka wa Sultani na Mende wa Bwenini: Uhakiki wa Hadithi ya Nunda

Bweni letu lilikuwa na paka watano ambao hakuna aliyewaleta. Walilala juu ya mabati ya jiko, wakashuka jioni tulipoanza kupika, na kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na chumba kilichomlisha. Lilikuwa pia na mende, ambao hawakuwa na majina, na kunguni, ambao hakuna aliyekubali kwamba wametoka chumbani kwake. Mwanzoni mwa muhula wa pili ukazuka ubishi. Wengine walitaka paka wafukuzwe kwa sababu wanaleta viroboto na wanakojolea magodoro yaliyoanikwa. Wengine wakajibu kwa methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua: paka akiondoka, panya hutawala. Ndipo mwenzetu mmoja wa upande wa kufukuza akatukumbusha hadithi tuliyoisoma darasani. Alisema, "Mnamlisha paka leo, kesho atakuwa nunda."

Tulicheka. Hata hivyo mfano ule ulinisumbua, kwa sababu nilihisi kwamba hadithi yenyewe haisemi hivyo. Katika makala hii nitajaribu kuonyesha inasema nini, na kwa nini mwanafunzi wa Rwanda ana sababu ya kuisoma kwa uangalifu kuliko maelezo tuliyozoea kuyanakili.

Hadithi ya Sultani Majinuni na nunda ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika Swahili Tales, pamoja na nyingine alizosimuliwa Zanzibar. Mwaka 1901 George Bateman aliisimulia kwa Kiingereza katika Zanzibar Tales, na mwaka huohuo Andrew Lang akaiingiza katika The Violet Fairy Book. Nitaacha sehemu ya kwanza, inayohusu mtende wa sultani na ndege anayekula tende zake, niingie kwa paka.

Sultani ana paka. Siku moja paka anakamata ndama. Watumwa wanapeleka habari kwa bwana wao, naye anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, wamwache. Baadaye ni mbuzi, kisha ng'ombe, punda, ngamia. Jibu ni lilelile. Paka anapomla mtoto wa mtu, halafu mtu mzima, jibu bado halibadiliki. Mwishowe paka anahama mji, anakaa kichakani kando ya njia na kula wapitao. Sultani anatoka siku moja kwenda shamba na wanawe, paka anawarukia na kuwaua baadhi yao mbele ya macho yake, na hapo tu ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Mwanawe wa mwisho, ambaye baba alimdharau kwa kupenda kukaa jikoni (Bateman anamwita Mkaa Jikoni), anaapa kumtafuta nunda na kumuua. Anaua mbwa, anamleta nyumbani kwa nyimbo, na mama yake anamwambia siye. Anaua ngawa, siye. Punda milia, twiga, hata tembo, siye. Mwishoni anamkuta mnyama amelala, anamlinganisha na sifa alizoambiwa, anamuua, na mji unapona.

Maelezo tuliyopewa shuleni yalikuwa mafupi: dhamira kuu ni ushujaa na uvumilivu, na funzo ni kwamba usifuge kitakachokudhuru. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaruka mambo mawili yanayochukua sehemu kubwa ya masimulizi. La kwanza ni watumwa wanaokuja kushtaki. La pili ni wanyama wote waliouawa kimakosa.

Nianze na watumwa. Hawana majina, na msimulizi hawapi nafasi ya kueleza walivyoona ndama akikamatwa. Lakini wao ndio wanaoishi na paka. Ndio wanaofunga mbuzi jioni na kuhesabu asubuhi. Wanakuja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sultani, badala ya kuuliza paka amekula nini, anawauliza wao kwa nini wanamchukia paka wake. Amegeuza taarifa kuwa chuki, na baada ya hapo kila atakayesema neno atakuwa amejishtaki mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuishi bwenini anaijua mbinu hii. Vyumba vya chini, vilivyo karibu na jiko, ndivyo vilivyolalamika kwanza kuhusu kunguni. Vikaambiwa ni wachafu. Kunguni hachagui usafi. Anakuja ndani ya begi au ndani ya kitanda cha mbao kilichonunuliwa kwa bei nafuu, anakaa kwenye nyufa na mishono ya godoro, na anaweza kungoja miezi bila kula. Kwa kuwa kulalamika kulileta aibu, watu wakanyamaza, wakamwagia vitanda maji ya moto usiku wenzao wakiwa wamelala, na kunguni wakapanda ghorofa ya pili.

Jibu la sultani lina sauti ya methali. Waswahili husema paka wa nyumba haingwa. Ni methali ya upole, nami naipenda: aliyezoea mlango wako hafukuzwi kama mgeni mbaya. Hadithi haiitaji methali hiyo popote, lakini naisoma kama jaribio lake. Msimulizi anaiweka nyumbani mwa mtu mwenye uwezo, anaipandishia bei kidogokidogo, kutoka ndama hadi mtoto wa mtu, aone itavunjika wapi. Kwa sultani haivunjiki kwa mtoto wa mtu. Inavunjika kwa mtoto wake. Tatizo la methali, kwa usomaji huu, limo katika neno "nyumba". Sultani anadhani nyumba ni mali yake, kwa hiyo paka ni wake, ndama ni wake na watu ni wake, na mtu akila kilicho chake hakuna hasara. Wanaoliwa hawajaulizwa kama nao ni wenye nyumba.

Kuna methali nyingine inayofaa kusimama karibu na hii: kikulacho ki nguoni mwako. Darasani tuliifafanua kwa haraka kuwa inahusu rafiki msaliti. Tazama lakini sarufi yake. Methali haimtaji mdudu. Inaweza kuwa chawa, kiroboto au kunguni. Inasema tu "ki-", kitu, kisha inakuonyesha mahali pa kutafuta, yaani katika nguo yako mwenyewe. Haikupi adui wa kumkimbilia. Inakutaka uvue nguo na kuigeuza mshono kwa mshono, kazi ya aibu na ya subira, kama anavyojua kila aliyewahi kupekua godoro lake juani huku majirani wakitazama. Sultani alipaswa kufanya kazi hiyo tangu siku ya ndama.

Sasa nije kwenye jina. Kwa muda mrefu katika hadithi mnyama anafanya matendo ya nunda huku akiitwa paka. Jina linachelewa sana nyuma ya matendo. Wahakiki tunaopenda kusema kwamba lugha huumba ukweli tunaweza kuona hapa kinyume chake: neno la upole, "paka", linafunika mifupa. Sultani hakosi habari, anakosa nia ya kubadilisha neno. Lakini pindi neno linapobadilika, hatari ya pili inaanza, na hapo ndipo maelezo ya shuleni yanaponyamaza kabisa.

Mkaa Jikoni anatoka nyumbani akiwa na jina tu. Ameapa kumuua nunda, ila hamjui nunda. Anakutana na mbwa na moyo wake unamwambia ndiye. Anakutana na ngawa, ndiye. Twiga hana hata kitu kimoja cha paka isipokuwa miguu minne, lakini naye ndiye. Mwindaji mwenye hasira ya haki na jina lisilo na sura anaweza kulivisha jina hilo kiumbe chochote kinachotokea njiani. Kila mara anarudi akiimba. Furaha yake ni ya kweli, uchovu wake ni wa kweli, damu iliyomwagika ni ya kweli, na aliyekufa siye. Anayejua ni mama yake, na anasema hivyo kila mara bila kumtukana, ingawa angeweza kunyamaza akampumzisha mwanawe. Ningependa tungeandika katika daftari zetu kwamba mhusika jasiri wa hadithi hii ni huyo mama. Watu wote wanataka nunda awe amekufa. Yeye anautazama mzoga na kukataa.

Namna ushindi unavyopatikana inaunga mkono usomaji huu. Siku ya mwisho Mkaa Jikoni harushi silaha mara anapomwona mnyama. Anasimama na kuhesabu: niliambiwa masikio yake ni madogo, na huyu ni madogo, niliambiwa ni mpana na si mrefu, na huyu yuko hivyo, niliambiwa ana madoa mawili na mkia mnene, navyo navyiona. Ni mara ya kwanza katika safari yake yote anapotazama kabla ya kuua. Tofauti ya mwindaji wa mwanzo na wa mwisho haimo katika ushujaa, maana hata tembo alimkabili bila woga. Imo katika kutazama.

Naandika haya nikiwa Rwanda, na siwezi kujifanya kwamba nchi haimo katika usomaji wangu. Kwa Kinyarwanda mende ni inyenzi. Neno hilo lilianza kubandikwa watu katika miaka ya 1960, likiwahusu wapiganaji wakimbizi wa Kitutsi waliokuwa wakishambulia kutoka nchi jirani. Huelezwa kwamba ni kwa sababu walikuja usiku. Vita vilipoanza Oktoba 1990 lilirudi kwa nguvu. Gazeti la Kangura, na baadaye redio RTLM iliyoanza kutangaza Julai 1993, vililipanua hadi likamhusu kila Mtutsi, awe na bunduki au awe mtoto mchanga. Mwaka huo wa 1993 Kangura lilichapa makala yenye hoja kwamba mende hazai kipepeo. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliichambua makala hiyo katika hukumu dhidi ya watu watatu waliohusika na vyombo hivyo viwili. Kati ya tarehe hizo mbili kuna Aprili hadi Julai 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Kama mhakiki nataka kukaa kidogo na taswira ile ya kipepeo, kwa kuwa haikuchaguliwa ovyo. Kipepeo hubadilika: yai, kiwavi, pupa, kisha mabawa. Mende hana hatua hizo. Kitoto chake kinatoka yaini kikiwa mende mdogo asiye na mabawa, na kinakua kwa kujivua ngozi tu. Mwandishi alitafuta mdudu ambaye mtoto wake hawezi kuwa kitu kingine. Sitiari nzima inalenga kufunga mlango wa mabadiliko, na ndiyo maana ilimfikia hata asiyezaliwa. Nunda alipewa jina baada ya matendo. Hapa jina lilipewa damu, na matendo yakatungwa baadaye ili yalingane nalo.

Mwalimu wetu alipoisoma rasimu ya makala hii aliandika pembeni kwamba sina haki ya kuipeleka hadithi ya Zanzibar ya karne ya 19 kwenye mambo ya 1994. Alikuwa na hoja ya pili, yenye uzito zaidi: wanyama waliouawa kimakosa ni urudiaji wa kawaida wa fasihi simulizi. Hadhira inangoja wimbo, inaitikia, inacheka, na ukubwa wa wanyama unaongeza hamu. Hakuna anayemlilia twiga.

Nakubali kwamba hakuna anayemlilia. Hadithi haina huruma kwa wanyama, na inamalizika kwa sherehe. Sidai pia kwamba msimulizi wa Steere alitabiri chochote. Lakini urudiaji si sehemu tupu iliyowekwa ili muda upite. Kinachorudiwa ndicho hadhira inachofundishwa kukitambua, na hapa kinachorudiwa ni kosa na sahihisho lake. Watoto wanaoitikia wimbo huo wanajizoesha, kwa kicheko, kusikia mtu mzima akisema mbele ya umati wenye furaha kwamba mmekosea. Hilo si dogo. Kuhusu hoja ya kwanza, msomaji haachi nchi yake mlangoni. Tangu Kiswahili kilipopitishwa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, hadithi hizi zimekuwa zetu pia, na tutazisoma kwa macho tuliyo nayo.

Niseme pia jambo ambalo huenda wasomaji wa Tanzania na Kenya hawalifikirii. Nilipojifunza neno "mende" nilipata nafuu. Lilikuwa neno la mdudu tu, mwenye papasio ndefu, anayekimbia taa ikiwashwa. Kwa Kiswahili niliweza kulalamika kuhusu jiko letu bila kusikia sauti ya redio nyuma ya sentensi. Kwa muda nilidhani lugha hii haina dhambi hiyo. Baadaye nikakutana na "kupe", neno ambalo katika miaka ya Ujamaa lilitumika Tanzania kwa wanyonyaji, na mara nyingine kwa wenye maduka wa asili ya Kihindi pasipo kuuliza nani amemnyonya nani. Nikakutana na "mchwa" wanaotafuna fedha za umma, na "chawa", ambao siku hizi ni watu wanaosifu wakubwa ili wapate chochote. Sioni kwamba maneno haya ni sawa na inyenzi. Chawa wa siasa ameitwa hivyo kwa tendo lake, na anaweza kuacha kusifu kesho asubuhi, jina likamtoka. Lakini mfano wa kupe unaonyesha jinsi neno la tendo linavyoweza kuteleza likawa neno la ukoo, na mhakiki wa lugha anapaswa kuwa macho mahali hapo hasa. Wazee waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walikuwa wanazungumzia chawa, kucha mbili na ushirikiano. Hakuna mtu aliyevunjwa.

Nirudi bwenini, maana ubishi wetu uliamuliwa na wengine. Wakati wa likizo fupi waliletwa watu wa kunyunyizia dawa ya wadudu. Vyumba vyote vilipigwa, jiko pia, na stoo ambamo paka jike alikuwa amezalia. Dawa nyingi za aina hiyo zina pareto, ambayo kwetu hulimwa Musanze chini ya volkano, au kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga nguvu yake. Mojawapo, pemethrini, ni sumu kali kwa paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama linavyoweza la binadamu au la mbwa. Sijui waliotumwa walibeba ipi. Tuliporudi tulikuta mende wamelala chali kila mahali na tukafurahi, tukawafagia kwa madebe. Usiku ule paka wawili walianza kutetemeka mwili mzima, miguu ikijivuta, na kufikia alfajiri walikuwa wamekufa. Baada ya wiki kadhaa mende walionekana tena nyuma ya jiko, wadogo, wa rangi hafifu. Mayai ya mende hukaa ndani ya mfuko mgumu ambao dawa haipenyi kwa urahisi.

Aliyetoa mfano wa nunda ndiye aliyechimba shimo nyuma ya matangi ya maji. Sikumwambia neno, wala sikuwa na haki ya kumwambia. Hakuwa yeye aliyenyunyizia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefagia mende kwa shangwe. Alipomaliza aliniuliza kama bado naandika kuhusu hadithi ile. Nikamjibu ndiyo. Akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: mama yake Mkaa Jikoni alimtambuaje nunda, ikiwa hadithi haisemi popote kwamba alitoka nje ya mji kumtazama?

Nililifikiria siku mbili. Jibu ninaloweza kulitoa limo katika mwanzo wa hadithi. Paka yule alikulia nyumbani mwake. Aliyajua masikio, madoa na mkia tangu siku ambazo alikuwa akipita miguuni mwake jikoni, kabla ya ndama.